Mpangilio wa pamoja usiofuatwa: utatuzi wa matatizo kwenye kompyuta za mezani na seva za Linux

Mwongozo huu ni wa mafundi wanaosimamia kompyuta kadhaa za mezani pamoja na seva moja au mbili zinazotumia programu huria, na ambao wameamua, kwa busara, kwamba mipangilio ya kawaida iandikwe mahali pamoja na kugawiwa kwa mashine zote badala ya mtu kuzunguka meza kwa meza. Mifano inachukulia ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku yenye makao mjini Tabora na matawi Urambo na Kaliua. Kompyuta zake zinatumia Debian au Ubuntu yenye mazingira ya GNOME, na seva ya Tabora ndiyo inayohifadhi mafaili ya watu, kusimamia printa na kugawa mipangilio kwa Ansible, programu ya kupeleka mipangilio kwenye mashine nyingi kwa pamoja. Anayehudumia maabara ya shule au zahanati mjini Kigoma atakutana na dalili hizihizi, kwa kuwa chanzo chake ni jinsi programu zinavyosoma mipangilio, wala si aina ya ofisi.

Kinachopoteza muda kuliko yote ni kuendelea kuhariri faili ambalo programu haijawahi kulisoma. Fundi anafungua faili, anaona thamani imeandikwa sawasawa, anaibadili, anaiwasha mashine upya, tatizo liko palepale. Anaibadili tena, na kazi inageuka kupiga ramli. Faili linaonyesha alichokusudia msimamizi, lakini halithibitishi kwamba programu imekipokea. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa kila dalili iliyoelezwa hapa ni moja: iulize programu yenyewe inatumia thamani gani kwa sasa, kisha utafute ni wapi ilikoipata thamani hiyo.

Kwa kawaida mpangilio mmoja unaweza kuandikwa katika ngazi tatu. Ya chini ni ya waliotengeneza kifurushi, na mafaili yake hukaa ndani ya `/usr`. Ya kati ni ya msimamizi, ndani ya `/etc`. Ya juu ni ya mtumiaji mwenyewe, hasa katika folda iliyofichwa ya `~/.config`. Wengi wanalijua hilo. Kinachosahaulika ni kwamba programu hazikubaliani kuhusu nani mwenye kauli ya mwisho, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa sehemu kubwa ya matatizo yanayofuata.

## Kompyuta ya mezani haifuati mpangilio uliowekwa kwa wote

Tuseme uongozi umeagiza skrini zijizime baada ya dakika kumi bila mtu kugusa kitu, ili hesabu za wakulima zisibaki wazi mbele ya kila anayeingia ofisini. Katika GNOME mipangilio ya namna hii huhifadhiwa na dconf, yaani hifadhi ya mipangilio ya GNOME. Msimamizi anaandika faili ndani ya `/etc/dconf/db/local.d/`, kwa mfano `10-ofisi`, lenye mistari hii:

```
[org/gnome/desktop/session]
idle-delay=uint32 600
```

Mpangilio usipofuatwa, angalia kwanza kama hakuna kompyuta hata moja inayoufuata, au ni baadhi tu. Kama hakuna hata moja, chanzo kwa kawaida ni kimojawapo kati ya viwili. Huenda amri ya `sudo dconf update` haikutolewa baada ya kuandika faili. Dconf haisomi mafaili ya maandishi moja kwa moja, bali inasoma hifadhidata inayotengenezwa na amri hiyo. Au huenda faili la `/etc/dconf/profile/user` halipo, na bila hilo dconf haijui kama kuna hifadhidata ya ofisi ya kutazama. Faili hilo linatakiwa kuwa na mistari miwili, `user-db:user` kisha `system-db:local`, kwa mpangilio huohuo. Baada ya kurekebisha, mtumiaji atoke kwenye akaunti yake na kuingia upya ndipo matokeo yapimwe.

Kama watumiaji wapya wanaupata mpangilio lakini wa zamani hawaupati, dalili hiyo imejieleza yenyewe: wa zamani walishawahi kuchagua thamani yao, na thamani ya mtumiaji inaishinda ya ofisi. Tiba ni mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni mtumiaji mwenyewe kufuta chaguo lake kwa `dconf reset /org/gnome/desktop/session/idle-delay`. Ya pili ni kuufunga ufunguo huo (yaani jina la mpangilio) kwa kuandika njia yake, `/org/gnome/desktop/session/idle-delay`, katika faili lililo ndani ya `/etc/dconf/db/local.d/locks/`, kisha kutoa tena `dconf update`. Ukitaka kuhakikisha kuwa kufuli limeshika, `gsettings writable org.gnome.desktop.session idle-delay` inatakiwa kujibu `false` ikiandikwa na mtumiaji husika. Kwa maoni yangu kufuli ni la mambo ya usalama na ya fedha pekee. Karani anayetaka maandishi makubwa zaidi kwenye skrini yake kwa sababu macho yamechoka hana kosa lolote, na kumfungia chaguo hilo ni kumnyima haki yake.

Kuna chanzo kingine ambacho hakionekani kwa macho, nacho ni aina ya thamani. Ufunguo wa `idle-delay` unataka namba isiyo na alama ya hasi, ndiyo maana neno `uint32` limetangulia. Ukiandika `idle-delay=600` peke yake, dconf itaihifadhi bila kulalamika, lakini GNOME itakuta namba ya aina tofauti na inayoitarajia, itaiacha, na kurudi kwenye chaguomsingi. Ushahidi unapatikana kwa kulinganisha amri mbili: `dconf read /org/gnome/desktop/session/idle-delay` itajibu `600`, ilhali `gsettings get org.gnome.desktop.session idle-delay` itajibu `uint32 300`. Majibu hayo mawili yakitofautiana namna hiyo, usitafute tena kwenye ruhusa wala kwenye kufuli. Rekebisha aina ya thamani.

Wapo pia wanaotoa `sudo gsettings set` wakiamini wanabadili mpangilio wa kila mtu. Amri hiyo inabadili mpangilio wa akaunti ya root peke yake, na hakuna mtumiaji wa kawaida atakayeona tofauti.

Mwisho katika sehemu hii ni ofisi ambazo folda za watumiaji zimewekwa kwenye seva na kuletwa kwenye kila kompyuta kwa NFS, njia ya kutumia folda za seva kupitia mtandao. Hapo dalili ni mipangilio inayobadilika kwenye mashine moja bila kuonekana kwenye nyingine, au inayopotea kabisa. Hifadhidata ya kawaida ya dconf haikuundwa kwa ajili ya kusomwa kupitia mtandao namna hiyo. Waundaji wake wameweka njia mbadala: katika `/etc/dconf/profile/user`, mstari wa `user-db:user` hubadilishwa kuwa `service-db:keyfile/user`, na mipangilio ya mtumiaji huhifadhiwa kama maandishi ya kawaida.

## Programu zote zinatii isipokuwa moja

Hapa mshukiwa wa kwanza ni namna programu ilivyosakinishwa. Programu iliyokuja kwa Flatpak, njia ya kusakinisha programu ikiwa imetengwa na mfumo, haitumii `~/.config` ya kawaida. Ina folda yake ndani ya `~/.var/app/`, hivyo LibreOffice ya Flatpak huweka mipangilio yake chini ya `~/.var/app/org.libreoffice.LibreOffice/config/`. Vivyo hivyo, Firefox ya Ubuntu tangu toleo la 22.04 huja kama snap (njia nyingine ya aina hiyo), na data zake za mtumiaji hukaa ndani ya `~/snap/firefox/`. Ukinakili mipangilio kwenda mahali pa zamani, mafaili yatakaa hapo bila msomaji.

Kwa Firefox, njia salama ya kugawa mipangilio ni faili la `/etc/firefox/policies/policies.json`, ambalo hata ile ya snap hulisoma. Usipoona matokeo, andika `about:policies` kwenye sehemu ya anwani. Ukurasa huo unaonyesha sera zinazofanya kazi pamoja na makosa yaliyokutwa. Mara nyingi kosa ni mkato uliozidi baada ya mstari wa mwisho, na kosa hilo moja linatosha kulifanya faili zima likataliwe. Amri ya `python3 -m json.tool policies.json` italitaja kosa na namba ya mstari wake kabla faili halijafika kwenye kompyuta ya mtu.

LibreOffice ina tabia yake. Mipangilio ya mtumiaji iko katika faili la `registrymodifications.xcu`, na programu huliandika upya inapofungwa. Ukilihariri wakati programu iko wazi, mabadiliko yako yatafutwa mara tu mtumiaji atakapoifunga. Mpangilio usiotakiwa kubadilishwa na mtumiaji huwekwa katika ngazi ya msimamizi ukiwa na alama ya `oor:finalized="true"`.

## Kwenye seva, faili liko sahihi lakini huduma inafanya kinyume

Mfano unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni wa SSH, kwa sababu ndio mlango wa kuingilia kwenye seva. Msimamizi ameamua kuzuia kuingia kwa nywila ili watu watumie funguo tu. Anafungua `/etc/ssh/sshd_config`, anaandika `PasswordAuthentication no`, anaipakia huduma upya, na seva inaendelea kupokea nywila kama kwamba hakuna kilichotokea. Hili ni hatari hasa kwa sababu msimamizi huondoka akiamini mlango umefungwa.

Swali la kuiuliza programu ni hili:

```
sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication
```

Likijibu `yes`, tafuta thamani nyingine mapema zaidi katika msururu wa mafaili. Juu kabisa ya `sshd_config` katika Debian na Ubuntu za sasa kuna mstari wa `Include` unaoleta mafaili ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`, uwezo ulioingia OpenSSH katika toleo la 8.2 la mwaka 2020. Kwenye Ubuntu Server, mara nyingi folda hiyo ina faili la `50-cloud-init.conf` lililoachwa wakati wa usakinishaji, na ndani yake imeandikwa `PasswordAuthentication yes`. Kanuni ya sshd (huduma ya SSH kwenye seva) ni kwamba thamani inayokutwa kwanza ndiyo inayoshika, na zinazofuata hupuuzwa.

Hapo ndipo mazoea yanapomponza fundi. Katika `/etc/sysctl.d/` (mipangilio ya kiini cha Linux) na katika mafaili ya nyongeza ya systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma), thamani inayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda, kwa hiyo amezoea kuliita faili la ofisi `99-ofisi.conf` ili lipite mengine yote. Faili lenye jina hilo likiwekwa kwenye folda ya sshd, linashindwa na kila faili lililolitangulia. Liite `10-ofisi.conf`, hakiki uandishi kwa `sudo sshd -t`, pakia huduma upya, na usifunge dirisha ulilounganishwa nalo mpaka utakapofungua la pili na kuhakikisha kuwa unaweza kuingia. Seva ikiwa Tabora na wewe uko Kaliua, tahadhari hiyo inaokoa safari nzima.

Kwa huduma za systemd, `systemctl cat` ikifuatwa na jina la huduma inaonyesha faili la asili pamoja na kila nyongeza, na `systemd-delta` inaorodhesha yote yaliyobadilishwa katika mfumo mzima. Ukihariri faili la huduma bila kutoa `systemctl daemon-reload`, systemd huendelea na nakala iliyo nayo kwenye kumbukumbu. Na ukitaka kubadili `ExecStart` kupitia nyongeza, lazima kwanza uandike `ExecStart=` tupu ili kufuta ya zamani, kisha mstari wako; vinginevyo huduma nyingi zitakataa kuwaka.

Jina la faili peke yake linaweza kuwa chanzo. Katika Debian, hati ya amri (script) iliyowekwa `/etc/cron.daily/`, folda ya kazi za kila siku, ikiitwa `nakala.sh` haitaendeshwa kamwe, kwa kuwa majina yenye nukta huachwa, iite `nakala`. Folda ya `/etc/sudoers.d/` nayo huacha majina yenye nukta, wakati `sysctl.d` hukubali tu majina yanayoishia na `.conf`. Hakuna ujumbe wa kosa katika hali yoyote kati ya hizo.

Kama amri inafanya kazi ukiiandika kwa mkono lakini inashindwa ikiendeshwa na huduma, fikiria vigezo vya mazingira, yaani thamani ambazo programu hupewa inapoanza. Anwani ya proksi iliyowekwa katika `~/.profile` au `/etc/environment` haifiki kwenye huduma za systemd; iandike katika nyongeza ya huduma hiyo kwa `Environment=`.

## Mpangilio unakubali leo, kesho umerudi ulivyokuwa

Dalili hii inamaanisha kuna mwandishi mwingine wa faili hilohilo. Kazi ni kumjua.

Anza kwa kusoma mistari ya juu ya faili, kwa sababu programu nyingi zinazoandika mafaili zenyewe huacha onyo hapo. Kisha angalia kama faili ni kiungo tu: `ls -l /etc/resolv.conf` kwenye Ubuntu huonyesha kwamba jina hilo linaelekeza ndani ya `/run`, sehemu ambayo hufutwa kila mashine inapozimwa. Anwani ya DNS iliyoandikwa hapo kwa mkono haiwezi kudumu, hata ukirudia kila siku. Iandike kwa `nmcli connection modify` kama mtandao unasimamiwa na NetworkManager, au katika netplan (mafaili ya mtandao ya Ubuntu) kama ni seva.

Mwandishi anayefuata kushukiwa ni Ansible yenyewe. Mtu wa tawini alirekebisha faili kwa mkono, kwa nia njema, na usiku Ansible ikalirudisha. Hapo Ansible imefanya kazi yake, na marekebisho yalitakiwa kwenda kwenye chanzo kilichoko Tabora. Hata hivyo kuna nyakati Ansible inapeleka thamani usiyoitarajia, na hapo uliza `ansible-inventory --host` pamoja na jina la mashine; amri hiyo inaonyesha vigezo vya orodha ya mashine vilivyokwisha kuunganishwa. Vigezo vya mashine moja vinashinda vya kundi, kundi dogo linashinda kundi linalolibeba, na makundi ya ngazi moja huunganishwa kwa kufuata alfabeti, la mwisho likishinda. Mashine iliyo katika kundi la `mapokezi` na pia la `tawi_urambo` itachukua thamani ya `tawi_urambo`, jambo ambalo linaweza kuwa sahihi au lisiwe, lakini halipaswi kuachiwa herufi ya kwanza ya jina liamue.

Masasisho ya vifurushi nayo yana mkono wao. Kifurushi kikija na faili jipya la mipangilio wakati la kwako limebadilishwa, dpkg (kisakinishi cha vifurushi) huuliza, na faili lisilochaguliwa hubaki pembeni likiwa na mwisho wa `.dpkg-dist` au `.dpkg-old`. Amri ya `sudo find /etc -name '*.dpkg-*'` inayafichua yote. Kwa chaguomsingi, unattended-upgrades, inayosasisha vifurushi yenyewe, hukiruka kifurushi kitakachouliza swali hilo, na ndiyo maana unaweza kukuta mashine moja imebaki na toleo la zamani wakati nyingine zote zimesonga mbele.

Ninashauri kwa dhati etckeeper isakinishwe kwenye kila seva kabla ya tatizo lolote kutokea. Inaiweka `/etc` nzima ndani ya git (programu ya kutunza historia ya mafaili), inarekodi mabadiliko kila kifurushi kinaposakinishwa na pia mara moja kwa siku, na swali la nini kilibadilika na lini linajibiwa kwa ushahidi badala ya watu kutazamana.

## Makao makuu panafanya kazi, tawini hapafanyi

Faili lililoandikwa kwenye Windows na kubebwa kwa flashi kwenda tawini huwa na alama ya ziada isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Lifungue kwa `cat -A`. Mstari wa kawaida wa Linux unaishia na `$`, wakati wenye tatizo unaishia na `^M$`. Hati ya amri itakataa kwa kudai mfasiri wake (programu ya kuiendesha) hayupo, na huduma itatafuta mtumiaji au folda yenye jina ambalo kwa macho ni sahihi kabisa. Tiba ni `sed -i 's/\r$//'` ikifuatwa na jina la faili. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word nayo yana hila yake, kwa sababu alama za kunukuu hupindwa na vistari viwili hugeuzwa kimoja kirefu, na amri haitambuliki tena.

Saa inahitaji uangalifu mkubwa zaidi tawini, ambako umeme hukatika na betri ndogo ya ubao mama huwa imekwisha bila mtu kujua. Mashine ikiamka na tarehe ya miaka iliyopita, vyeti vya TLS (vinavyothibitisha utambulisho wa tovuti) vitaonekana kuwa bado havijaanza kutumika, hivyo tovuti, masasisho ya HTTPS na uvutaji wa mipangilio vitashindwa kwa pamoja. Mahali panapotumika Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji kupitia seva), tofauti inayozidi dakika 5 kati ya mashine na seva inatosha kumzuia mtumiaji kuingia, hata nywila yake ikiwa sahihi. Dalili nyingi zisizohusiana zikijitokeza kwa wakati mmoja kwenye mashine moja, angalia saa kwanza kwa `timedatectl`, kisha `chronyc tracking` ya chrony, programu ya kulinganisha saa. Iweke seva ya Tabora itoe saa kwa matawi kwa kutumia `allow` katika mipangilio ya chrony, na uongeze `local stratum 10` ili mashine zote ziendelee kukubaliana hata intaneti inapokatika.

Limebaki suala la mashine iliyokuwa imezimwa wakati mipangilio inasukumwa kutoka Tabora. Ansible itaripoti kwamba haikufikika, ripoti itasomwa na mtu mmoja au isisomwe, na mashine itaendelea na mipangilio ya zamani mpaka mtu alalamike. Katika msimu wa masoko ya tumbaku, karani wa Urambo anapochapisha malipo kwenye printa iliyoondolewa, mkulima ndiye anayesubiri. Kwa matawi ni afadhali kutumia `ansible-pull`, ili kila mashine ivute mipangilio yenyewe kutoka kwenye hazina ya git iliyopo kwenye seva, ikiendeshwa na kipima muda cha systemd chenye `OnCalendar=` pamoja na `Persistent=true`. Kwa mstari huo wa pili, zamu iliyopita mashine ikiwa imezimwa hutekelezwa inapowashwa. Kujua kama inafanya kazi, ingia kwenye mashine ya tawi na utoe `systemctl list-timers`. Safu ya `LAST` inatakiwa kuonyesha muda wa karibuni, na `journalctl -u` pamoja na jina la huduma hiyo itaonyesha kilichobadilishwa katika zamu ya mwisho. Kipima muda kisipoonekana kabisa kwenye orodha, kiliandikwa lakini hakijawashwa, nacho huwashwa kwa `sudo systemctl enable --now` ikifuatwa na jina lake.